Kivuli cha Anyitike

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Isyesye Sekela alipofika bohari. Magari ya umeme ya kampuni ya vifurushi ya Mbayuwayu yalikuwa yakitoka getini moja baada ya jingine, taa zinawaka, mizigo imepangwa hadi juu. Mengi hayakuwa na mtu ndani. Usukani ulizunguka wenyewe, ukarudi, gari likakata kona na kushika barabara ya Uyole.

Ipyana alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi, kofia ya sufu ameivuta hadi masikioni.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Mbona hujapakia?"

"Sina safari. Tangu juzi sina safari."

Sekela akafungua mlango, akamkaribisha, akawasha birika la umeme. Ipyana alikuwa rafiki wa mumewe tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe pamoja Rungwe. Waliajiriwa pamoja, na walivaa fulana ya nyaya mwaka mmoja, yeye na Anyitike.

Mwaka huo watu wa Mbeya hawajausahau. Magari ya kujiendesha yaliyoletwa kutoka nje yalikuwa yameshindwa na mji. Yalikwama kwenye vichochoro visivyo na majina, yakasimama kutwa nzima mbele ya mbuzi, moja likaingia katikati ya msafara wa mazishi na kupiga honi. Ndipo Mbayuwayu ikawavika madereva wake fulana na glavu zenye nyaya, wakafanya kazi nazo mvua na kiangazi, na nyaya zikajifunza: mkono unavyoushika usukani kwenye utelezi, mguu unavyoanza kuigusa breki kabla jicho halijaona kitu, dereva anavyomsubiri mwenye nyumba asiye na haraka. Kilichopatikana wakakiita kivuli. Kivuli kimoja kiliweza kuendesha magari mengi kwa wakati mmoja, na hakikuchoka. Mwenye nacho alilipwa nusu ya ujira wa dereva kwa kila safari. Akifa, malipo yalikwenda kwa mrithi, na mrithi peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kukizima.

Sekela alisimamia Mizani, programu iliyogawa safari kila alfajiri kati ya madereva na vivuli ili ujira usizidi na mizigo isichelewe.

"Nilidhani mmesimamisha vivuli vyenu ili mpate safari," alisema, akimwekea Ipyana kikombe mbele.

"Tumesimamisha, sisi sote tulio hai. Tukasema heri tuendeshe kwa mikono yetu tupate ujira kamili." Ipyana alikizungusha kikombe bila kunywa. "Sasa Mizani inazipeleka safari zetu kwa vivuli vya marehemu. Za karibu zote wanapewa wao. Sisi tunaachiwa Kyela na Chunya, na huko kwenyewe mpaka tugombanie. Lwitiko alikwenda Kyela, akarudi, akaomba kwenda tena kwa sababu mkewe anakaribia kujifungua. Alisinzia mteremko wa Igawilo. Yuko hospitali, hajafumbua macho."

"Nimesikia usiku. Nimeshindwa kulala."

"Shemeji, tunashindana na marehemu. Sisi tunakula, tunaumwa, tunasinzia. Wao hawasinzii."

Baada ya kusema hivyo akainamisha kichwa, kwa maana wote wawili walijua ni kivuli cha nani kilichopewa safari nyingi kuliko vyote. Hakuna aliyeijua Mbeya kama Anyitike. Asubuhi ile ile alikuwa Mwanjelwa, alikuwa Iyunga, alikuwa Nzovwe, alikuwa Uyole, na mwili wake ulikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

"Sikuja kukuambia ufanye nini," Ipyana alisema. "Nimekuja kwa sababu wewe ni wa kwetu. Mbele ya bosi wetu, Injinia Kavishe, sitaweza kusema haya."

Aliinuka, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

*

Mchana Sekela alikwenda nyumbani kula, kama alivyozoea. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kibaraza, mgongo umeegemea ukuta ulioota jua, miguu yake iliyovimba ameiweka juu ya kigoda.

"Umewahi," alisema. "Bado hajapita."

Sekela akakaa pembeni yake. Hawakungoja sana. Gari jeupe lilitokea kwenye kona ya kanisa, likapunguza mwendo, likaukwepa mfereji kwa upole kama mtu anayepita na sufuria ya uji wa moto. Lilipofika mbele ya nyumba likaenda polepole zaidi, likapiga honi mara mbili, fupi fupi. Kisha likaondoka.

"Haya, baba," Mama alisema. "Pita salama."

Anyitike alikuwa akifanya hivyo kila siku alipokuwa hai. Alikuwa haruhusiwi kusimama nyumbani wakati wa kazi, kwa hiyo akamwamkia mama yake kwa honi, na nyaya zikajifunza na hilo. Figo zilipomuua, gari lilipita siku yenyewe ya mazishi, jeneza likiwa linatolewa mlangoni. Honi ikalia mara mbili. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza kwa hofu. Mama alifuta uso wake kwa upande wa kitenge, akawaambia watu, "Tulieni. Mwanangu anapita." Tangu hapo hakuna aliyemwona akilia, hata kaburini.

"Lwitiko ana hali mbaya," Sekela alisema.

"Yule aliyeimba harusini kwenu?"

"Huyo."

Mama alitikisa kichwa. "Mungu amsaidie. Vijana wanakimbia sana siku hizi. Mwanangu hakuwahi kukimbia."

"Mama, madereva wanakosa safari. Zinakwenda kwenye vivuli."

Mama akamtazama. Alikuwa mwanamke aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote, na macho yake yalijua mtoto anayezunguka zunguka kabla ya kusema alichokosea.

"Unataka kuniambia nini, Sekela?"

"Sijui bado."

"Ukijua utaniambia," Mama alisema, akauinua mkono wake ili asaidiwe kusimama.

*

Injinia Kavishe hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na sauti ya chini, na kila mwezi alikwenda kwa wafiwa wa madereva wake na mfuko wa mchele. Alimwita Sekela ofisini kwake, akageuza kioo cha kompyuta ili waone wote wawili.

"Nimesikia malalamiko," alisema. "Na mimi nina ya kwangu. Vivuli vya marehemu havichoki, lakini vinazubaa. Angalia cha Anyitike, na nisamehe kwa kukisema."

Kwenye kioo ilionekana njia ya gari kama uzi wa buluu kati ya nyumba. Kila palipokuwa na fundo, gari lilikuwa limesubiri bila sababu ya barabarani. Sekela aliyajua mafundo yote. Pale palikuwa kwa Mzee Kajela anayetembea kwa magongo mawili, ambaye huchukua muda kutoka chumbani hadi getini. Pale palikuwa shule ya viziwi, ambapo Anyitike alizima gari kabisa mpaka watoto wote wavuke. Pale palikuwa kibaraza cha nyumbani.

"Tunaweza kukisafisha," Kavishe alisema. "Tunatoa mafundo, tunaacha ustadi. Kitapeleka karibu mara mbili ya mizigo ya sasa, na akiba itakayopatikana nitaiongeza kwenye ujira wa madereva walio hai. Wewe na mama mnaendelea kulipwa, tena zaidi. Madereva watakuwa na safari chache, lakini kila safari italipa vizuri. Ukiruhusu cha kwako, familia nyingine zitaruhusu. Wanakutazama wewe."

"Na nikikataa?"

"Basi mambo yanabaki hivi hivi. Madereva wangu watahama, nami nitabaki na marehemu watupu. Siwezi kukizima mimi, unajua sheria. Kusafisha nako nahitaji ruhusa yako. Tujaribu siku moja tu."

Sekela alifikiria kuhusu Ipyana na kikombe chake kilichojaa. Alifikiria pia, na hili lilimuuma, kwamba kikisafishwa kivuli kitabaki. Kitu kitaendelea kupita barabarani chenye mikono ya mume wake.

"Siku moja," alisema.

*

Siku ya jaribio alirudi nyumbani mapema. Hakumwambia Mama. Alijipa moyo kwamba huenda asitambue.

Gari lilitokea kwenye kona ya kanisa kwa kasi. Liliukwepa mfereji kwa ustadi uleule, mkono uleule, bila kugusa ukingo, likapita mbele ya kibaraza kama maji yanavyopita kwenye bomba. Vumbi lilikuwa bado linaelea wakati gari lilipokwisha kupotea.

Mama alikuwa ameanza kuinua mkono wake kupunga. Aliuacha hewani.

"Yule ni nani?" aliuliza.

"Ni yeye, Mama."

"Si yeye."

"Wameondoa kusubiri. Ni jaribio la leo tu."

Mama alikuwa kama hakusikia. Alikuwa ameitazama kona gari lilikopotelea, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemkosea nini?"

Sekela akapiga magoti mbele yake, akaeleza yote: mafundo, akiba, ujira, Kavishe. Alieleza vizuri, kama alivyozoea kueleza ofisini. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si mjinga, Sekela," alisema. "Najua ni gari. Najua mwanangu yuko wapi, udongo nilimtupia kwa mkono wangu. Lakini kile ulichokiita kusubiri ndicho nilichokuwa nimebakiwa nacho. Hakuniachia mjukuu. Aliniachia hicho."

Hakukuwa na lawama katika maneno hayo. Mtoto ambaye Sekela na Anyitike walimpoteza kabla ya kuzaliwa alikuwa msiba wa wote watatu. Lakini Sekela alikwenda chumbani, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda. Kisha akampigia Kavishe simu.

"Rudisha kilivyokuwa," alisema. "Hatusafishi."

*

Lwitiko alifariki siku hiyo hiyo jioni. Walimzika kwao Kiwira, mvua ikinyesha, na madereva walibeba jeneza kwa zamu katika tope.

Sekela aliporudi kazini baada ya mazishi, alikaa mbele ya Mizani kupitia mgawo wa alfajiri, na akaona jina la Lwitiko.

Alidhani ni kosa. Lwitiko alikuwa amekisimamisha kivuli chake pamoja na wenzake. Akaifungua kumbukumbu, akaelewa. Kusimamisha kulikuwa ni neno la mtu aliye hai. Alipokufa, neno lake lilikufa naye, na kivuli kikahesabiwa cha marehemu mpaka mrithi aseme vingine. Mizani ilikuwa imekipokea kwa kazi usiku uleule na kukitafutia njia kiliyoijua kuliko nyingine. Ilikipa Kyela, kwenda na kurudi, kupitia Igawilo.

Sekela alikwenda dirishani. Gari lilikuwa limeshatoka.

Mjane alikuja mwenyewe, siku chache baadaye. Aliitwa Tumwitike, msichana mwembamba mwenye tumbo kubwa, amejifunga kitenge cheusi. Alikaa mahali alipokaa Ipyana.

"Dada, wameniambia nikiweka dole gumba kitazimwa," alisema. "Nisipoweka, nitalipwa kila mwezi. Kweli?"

"Kweli."

"Shemeji Ipyana anasema ni hiki ndicho kilichomuua mume wangu. Kwamba aliwania safari kwa sababu zilikuwa zimechukuliwa na vivuli. Sasa na yeye amekuwa kivuli, anazichukua za wenzake." Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. "Lakini mtoto atakula nini? Na kila nikifikiria anapita pale Igawilo kila siku, kila siku, nahisi kama kichwa kinapasuka. Wewe ulifanyaje, dada? Mumeo alipokufa uliwekaje moyo?"

Sekela hakuwa ameweka moyo popote. Alikuwa ameenda nyumbani kila mchana kusikia honi, akala, akarudi kugawa safari.

"Sikufanya chochote," alisema. "Nilikiacha kiende."

"Basi nami nikiacha si vibaya?"

"Siwezi kukuambia, mdogo wangu. Mimi mwenyewe sijalipa jambo hili kwa kitu changu chochote. Nikikushauri sasa nitakuwa nakushauri kwa jasho la mtu mwingine."

Tumwitike aliitikia kwa kichwa, akaaga. Kutoka dirishani Sekela alimwona akisimama getini, akiyatazama magari matupu yakitoka, kama mtu anayetafuta uso.

*

Alimwambia Mama asubuhi, baada ya chai, mchana kweupe, kwa sababu hakutaka kumwamsha na habari kama hiyo wala kumlaza nayo.

"Nimeamua kukizima," alisema.

Mama aliweka kisu chini. Alikuwa akimenya viazi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Lwitiko. Kwa sababu ya Ipyana na wenzake. Mama, Anyitike angekuwa hai angekuwa amesimamisha cha kwake pamoja nao. Unajua hivyo."

"Usimsemee. Wafu hawana mdomo, kila mtu huwatilia maneno anayoyataka."

"Ni kweli. Basi nasema kwa mdomo wangu. Siwezi kuendelea kugawa safari za watu walio hai na kumpa mume wangu aliyekufa."

"Na dawa za miguu yangu?"

"Nitanunua kwa mshahara wangu. Tutabana."

"Sikuulizi kwa sababu ya dawa," Mama alisema. "Nimeuliza ili nione kama umefikiria kila kitu. Naona umefikiria. Umefikiria kila kitu isipokuwa mchana, nitakapokaa pale nje." Alifuta mikono kwa kitenge. "Sijawahi kukuomba kitu tangu ulipoingia nyumba hii. Sijakuomba maji. Leo nakuomba. Niachie. Nikifa mimi, zima. Siko mbali."

Sekela alilia. Mama hakulia. Alimngoja amalize, kama alivyowangoja watoto wa darasa la tatu, akitumaini kwamba baada ya machozi utakuja utii.

"Nisamehe, Mama," Sekela alisema. "Nitakizima kesho."

Mama akachukua kisu, akaendelea kumenya. Ganda lilikuwa linatoka nene, na nyama ya kiazi inatoka nalo.

"Mara ya kwanza tulimzika wote," alisema. "Hii utazika mwenyewe."

*

Kesho yake Sekela alipanda gari la njia ya Isyesye. Lilikuwa na kiti kimoja cha zamani kando ya usukani, kilichokuwa kimewekewa maboksi. Akayahamisha, akafunga mkanda.

Gari liliondoka. Hakuwa amewahi kukaa ndani na kivuli cha mume wake. Wengi waliowahi walisema ni vibaya kufanya hivyo, na sasa alijua sababu. Usukani uligeuzwa nusu, ukaachiwa urudi wenyewe kwa kuteleza, kama Anyitike alivyouachia uteleze kwenye viganja. Breki iliguswa mara mbili nyepesi kabla ya kukanyagwa. Kwenye tuta la Mafiati gari lilipanda kwa upande, tairi moja kwanza, kwa sababu Anyitike alichukia mizigo ya watu irushwe.

Mkono wa chuma uliteremsha mizigo, mlango kwa mlango. Kwenye shule ya viziwi gari lilizimika kabisa. Watoto walivuka, wakipunga bila kujali kama kuna mtu. Kwa Mzee Kajela lilisimama getini na kukaa kimya. Baada ya muda mrefu mzee alitokea na magongo yake, akapokea kifurushi cha dawa, ndipo akamwona Sekela ndani.

"Leo kuna mtu," alisema.

"Ni mimi, mzee. Mke wake."

"Ndaga, asante, mwanangu. Wenzake wengine huacha mzigo kwenye tope na kuondoka. Huyu hunisubiri." Aliligusa gari ubavuni kwa kiganja, kama anavyoguswa ng'ombe. "Mpe salamu."

Sekela alishindwa kumwambia.

Kwenye kona ya kanisa gari lilipunguza mwendo. Likaukwepa mfereji. Kibaraza kilikuwa kitupu, kigoda kimeingizwa ndani, mlango umefungwa. Gari lilienda polepole, likapiga honi mara mbili, na Sekela, ambaye miaka yote alikuwa ameisikia kutoka nje, akaona usukani unavyobonyezwa: kwa upole, pembeni, mahali ambapo dole gumba la kushoto la Anyitike lilikuwa likifika bila yeye kuondoa mkono. Pazia halikutikisika.

Aliliacha limalize njia yake yote. Waliporudi bohari, Ipyana na madereva kadhaa walikuwa wamesimama karibu na ukuta, kofia mikononi. Hakuna aliyewaita. Sekela alishuka, akaenda kwenye mtambo uliokuwa mlangoni mwa ofisi, akaweka dole gumba. Sauti ya mashine ikamwomba ataje jina kamili la mwenye kivuli na neno la kuzima, kama sheria inavyotaka, ili mtu asije akadai kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya.

"Anyitike Gideoni Mwalupindi," alisema. Ilimbidi aanze mara mbili. "Zima."

Mwanjelwa, Iyunga, Nzovwe na Uyole, magari yake yote yaliegeshwa taratibu pembezoni mwa barabara, taa za tahadhari zikawaka, yakasubiri watu wa kwenda kuyachukua. Madereva walivaa kofia zao, wakaenda kuyachukua.

*

Mambo yalikwenda, si kwa uzuri sana. Familia mbili tatu zilimfuata Sekela, nyingine zilikataa na kumwita mwenye kiburi. Tumwitike alijifungua mtoto wa kike, na akakiacha kivuli cha Lwitiko kiendelee. Sekela alimpelekea nguo za mtoto na hakumuuliza kitu. Alichoweza kukifanya ni kuandika ombi kwa Kavishe kwamba kivuli kile kisipewe tena njia ya Igawilo, na Kavishe akaliridhia siku hiyo hiyo. Madereva walipata safari za karibu, wakalala majumbani mwao. Mizigo ilianza kuchelewa. Kavishe alisema anaweza kuvumilia msimu mmoja, baada ya hapo atalazimika kuhesabu upya.

Nyumbani Mama alikuwa akijibu salamu tu. Alikula kidogo, akakaa chumbani kwake na dirisha limefungwa. Mchana Ipyana alipita na gari, kwa kuwa njia ya Isyesye ilikuwa imekuwa yake, na kila alipofika mbele ya nyumba hakujua apunguze mwendo au aongeze.

Kisha siku moja, Sekela alipokuwa anajiandaa kwenda kazini, alisikia vyombo vikisogezwa sebuleni. Alimkuta Mama amesukuma viti ukutani kwa miguu yake ile mibovu, ametandika mkeka katikati, amekaa sakafuni, kichwa wazi. Alianza kuita. Aliita kwa Kinyakyusa, jina la mwanawe na majina ya utani aliyompa akiwa mchanga, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Majirani waliisikia hadi ng'ambo ya mfereji.

Jirani wa kwanza alifika mbio, mikono ina unga.

"Nani amefariki?" alimuuliza Sekela mlangoni.

"Anyitike."

Mwanamke yule alimtazama, akamtazama Mama, akavua ndala na kwenda kukaa kwenye mkeka. Wakaja wengine. Aliyekuja alielezwa na aliyetangulia, na hakuna aliyecheka wala kuuliza mara mbili. Ipyana alipopita aliona watu, akasimamisha gari na mizigo yote ndani, akapiga simu kwa wenzake. Kufikia saa nane magari ya Mbayuwayu yalikuwa yamepangana hadi kanisani, na madereva wamekaa kwenye magogo nje, mmoja anawasha moto.

Kavishe alipiga simu. "Sekela, mji mzima umesimama. Kuna nini?"

"Tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Mume wangu."

Kwa nyuma Sekela alisikia simu nyingine zikilia ofisini kwake, bila shaka wateja.

"Poleni," Kavishe alisema. "Nitawaambia watu mizigo ni kesho."

Sekela akaweka simu. Alibaki mlangoni mwa sebule, hajui kama ana haki ya kuingia. Wanawake walimwona, wakasogea kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kabla ya mwenye msiba. Mama aliinua uso. Ulikuwa umelowa na kuvimba, uso ambao Sekela hakuwa amewahi kuuona.

"Sijakusamehe," Mama alisema.

"Najua, Mama."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

Mama akasogeza kitenge chake, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa," alisema.

Sekela akakaa. Mama akamwegemea kwa uzito wake wote, akaendelea kulia.